Nimeigombeza kompyuta, bosi akaomba msamaha

Jamani, leo nimemfokea bosi bila kujua yupo.

Programu ya stoo ninayoliandikia duka lake la spea hapa Voi lazima iishe leo, la sivyo nirudi kwetu Mahoo.

Kuna mstari mmoja wa programu hiyo kompyuta imeupaka wekundu: kosa! Nimeukagua asubuhi nzima. Uko sawa kabisa.

Nikapiga meza. "Mwenye makosa ni wewe! Na unajua!"

Kumbe bosi mwenyewe, Mzee Salim, amesimama nyuma yangu.

"Basi mwanangu, yaishe. Kweli nimekuharakisha mno."

Akatoka. Nikaiendesha programu na wekundu wake hivyo hivyo. Ikafanya kazi vizuri!

Sasa ameniletea chai na mahamri ya kunituliza.

Nimwambie ukweli sasa, ama nikishashiba?