Wadudu wa Darajani

Mkuu wa kikosi chetu cha kupima mto alivaa viatu vya ngozi vinavyong'aa, na nadhani viatu hivyo ndivyo vilivyochagua mahali pa kupimia. Tulisimama darajani, nje kidogo ya Korogwe, kwa sababu gari linafika. Mtaro wa kiwanda cha mkonge unaingia mtoni chini zaidi, mwendo wa dakika kumi kwenye matope. Nilimwambia kazi iko kule. Akasema jua kali.

Niliyeingia majini ni mimi. Nilipindua mawe, nikakinga wavu, sinia likajaa konokono, vitoto vya kereng'ende na wadudu wadogo wenye mikia mitatu. Viumbe hawa hawavumilii uchafu. Ukiwakuta wengi na wa aina nyingi, ujue mto ni mzima, maji yake safi. Jioni nilishuka peke yangu hadi chini ya mtaro. Maji yalinuka, na kwenye mawe sikupata hata mdudu mmoja. Nilipompa mkuu taarifa, aliniambia nisimharibie ripoti.

Siku ya mkutano wa kijiji alisimama na karatasi yake.

"Ndugu wananchi, darajani tumekuta wadudu wa aina nyingi sana!"

Maana yake hakuieleza. Watu waliguna, naye, maskini wa akili, akadhani wanamsifu. Akakunja karatasi, akapanda gari. Mimi niliyejua nilikuwa nyuma na ndoo ya sampuli, nimetulia kama maji mtungini.

Miezi miwili baadaye nilirudi na kumkuta mama mmoja wa makamo akichota maji chini ya mtaro ule ule, madumu mawili, na kanga begani.

"Shikamoo, mama. Mbona unachota huku?"

"Marahaba, mwanangu. Si mlisema darajani kuna wadudu? Siku hizi wajukuu nawachotea huku. Nimechungulia, hakuna hata mmoja. Ila matumbo yao hayatulii, sijui wanakula nini."

Nilimweleza yote: kwamba wale wadudu ndio dalili ya maji mazuri, na kwamba huku wamekufa kwa sumu. Nilizungumza haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwaga dumu la kwanza, akamwaga na la pili.

"Siku ya mkutano ulikuwa unalijua hili?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Ukanyamaza."