Mstari Mbele ya Goli

Siku hiyo ya Jumamosi pale Zombe naikumbuka, mwanangu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini nilikuwa na bucha yangu mwenyewe, kwa hivyo nilijiona najua watu.

Alikuwepo mwalimu mmoja, Kamene, mwanamke aliyekuwa golikipa wa chuo chake cha ualimu. Alipoletwa kwetu akawa kocha mkuu wa timu ya wasichana, na golini akamweka dada yangu Mwende. Mimi sikumwamini. Mwanamke mzima, hana mume, anakimbia na bukta, anafundisha watoto wa watu bure. Nikasema huyu ana lake.

Asubuhi ile nikipeleka mbuzi kuchinjwa, nilimwona uwanjani peke yake. Alisimama katikati ya goli, akatembea mbele hatua kadhaa akihesabu, akakokota kisigino mchangani mpaka ukatokea mstari ulionyooka na katikati ya goli. Kisha akachota udongo, akatema mate viganjani, akasugua huku midomo ikicheza. Wewe ni Mkamba, unajua nilichofikiria: uchawi.

Kuuliza si ujinga, lakini mwenye kiburi huona ni ujinga. Nilimwacha mbuzi amefungwa, nikarudi nyumbani.

"Mwende, ule mstari wa mwalimu wako usiukanyage leo."

"Kaka, huo ni wa kunionyesha goli liko wapi nisigeuke nyuma."

"Na mate? Mate yanaonyesha nini?"

Mate hakuwa ameyaona. Nikamwongezea, "Kikulacho ki nguoni mwako," nikaenda zangu nikijisifu.

Sasa sikiliza. Siku hiyo wasichana wa Makueni walikuja kucheza nasi, na pamoja nao mtu wa chuo cha walimu aliyekuwa akitafuta golikipa mmoja wa kumpa nafasi ya masomo. Mwende alikuwa amemaliza kidato cha nne, anakaa tu nyumbani. Nafasi ilikuwa hiyo.

Alicheza mchezo mzima amesimama kando ya mstari, kama mtu anayekwepa nyoka. Kipindi cha pili msichana wa Makueni akasukuma mpira taratibu, mpira ambao hata mbuzi angeuzuia, ukapita upande ule aliouacha wazi. Tulifungwa moja. Mtu wa chuo akamchukua golikipa wa Makueni.

Jumatatu Kamene, aliyekwisha kuelezwa yote na Mwende, akaja buchani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mutinda, weka kisu, twende." Uwanjani akanisimamisha mbele ya goli. "Usigeuke. Mlingoti wa kulia uko wapi?" Nikaonyesha. "Sasa geuka." Nilikuwa nimekosea hatua mbili nzima.

"Angalia chini," akasema. "Dawa ni hiyo. Na mate, babako hakukutemea akikubariki? Nilikuwa nikimwombea dada yako. Wewe ulikuwa na macho ya kunichungulia, ukakosa mdomo wa kuniuliza."

Nilirudi buchani peke yangu.

Mwende hakuenda chuo. Anauza ndengu sokoni Kwa Vonza, nikipita hunipimia za kuzidi na kunisalimu vizuri. Siku ile hajawahi kuitaja. Afadhali angenitukana. Mdudu wa nguoni mwake nilikuwa mimi.

Mwanangu, sikwambii uamini kila mtu. Mimi mpaka leo simnunui mbuzi bila kumfungua mdomo nihesabu meno. Shuku ukitaka. Lakini shaka yako ipeleke kwa yule unayemshuku, ana kwa ana, umuulize kwa mdomo wako. Usiitie kwanza sikioni mwa mtu anayekupenda, kwa sababu huyo atakuamini, na ataumia yeye.

Lete mikono. Nakutemea mate viganjani kama nilivyotemewa. Mulungu akuonyeshe mahali pako pa kusimama, na chochote kijacho, ukidake.