Seredani Chumbani kwa Mzazi

Mama alipanda lifti ya fleti yetu ya Ghubra na seredani mkononi, lile jiko la bati la makaa, ameifunga kwa kanga kama mtu anayeficha kuku. Nilikuwa nimetoka hospitali juzi yake tu na mwanangu wa kwanza. Baridi ya Januari ya Maskati ni ya kuvaa sweta basi, lakini kwetu sisi wa asili ya Unguja mzazi lazima aote moto. Anakandwa kwa maji ya moto, analala na jiko karibu na kitanda mpaka arubaini itimie.

"Mama, si hita ya umeme ipo?"

"Hiyo inapasha kuta. Mie kwa wanangu wote nimeota mkaa, na mifupa yangu mizima."

Haki yake nampa: alikuwa mwangalifu. Aliuwasha mkaa roshani mpaka ukaiva ukawa mwekundu bila moshi, akaiweka seredani juu ya sinia la mchanga, mbali na chandarua na mapazia. Kisha akafunga madirisha, akafunga mlango, akaziba upenyo wa chini kwa taulo, maana mzazi hapigwi upepo.

Mimi kutulia sikujaaliwa. Nilijigeuza, nikakaa, nikainuka kufungua dirisha. Akalifunga. Nikalifungua tena.

"Khalas, mwanangu! Wataka baridi ikupande?"

Tulivutana hivyo mpaka kichwa kikaanza kunigonga. Nilipomwambia, akapata ushahidi wake. "Si nilisema? Ishapanda kichwani." Akatoka, akarudi na makaa mengine, akaufunga mlango upesi.

Kichefuchefu kikafuata, na miguu ikaishiwa nguvu. Nikajikasirikia: wenzangu wanazaa na wiki ileile wanapika, mimi hata kukaa nashindwa. Lakini kilichonitia wasiwasi hasa ni mtoto. Alikuwa mlafi tangu azaliwe, na wakati wake wa kunyonya ulishapita. Nikamtia ziwa mdomoni, hakulishika. Nikamfinya unyayo, hakushtuka.

"Mwache," Mama akasema. "Kapata joto, kalala."

Nikamgeukia Mama. Alikuwa ameegemea kabati, kope nzito, maneno yakimtoka taratibu. Mama yangu hasemi kitu taratibu. Hapo nikaogopa kweli.

Nikamfumbata mtoto, nikalipiga teke taulo, nikatoka naye roshani nikipepesuka. Nikamlaza juu ya kanga kwenye vigae, nikarudi kumvuta Mama kwa mikono, mshono wangu ukiniuma, huku napiga kelele mpaka jirani akaita gari la wagonjwa. Mtoto alipopata hewa alikaa kimya kwanza. Kimya kile sijakisamehe mpaka leo. Kisha akakohoa, akalia.

Hospitali tuliwekewa oksijeni sote watatu. Daktari akatueleza kwamba mkaa ulioiva ndio unaodanganya: sumu yake haina moshi wala harufu, na katika chumba kilichozibwa haina pa kutokea. Nyumba aliyokulia Mama ilikuwa na dari ndefu na nafasi juu ya milango, upepo ukipita utakavyo. Madirisha yetu yamebanwa kwa mpira ili ubaridi wa kiyoyozi usitoke. Sasa seredani iko kwa Mama Darsait, uani, na haiingii ndani.

Nilimkasirikia, nikamhurumia, kisha nikamkasirikia upya. Mtoto sasa anatambaa, mzima wa afya, anavuta kila kitambaa kilicho mezani. Mama hupiga simu kila asubuhi, na yeye ambaye salamu zake zilikuwa hazimaliziki, sasa hata hasalimu. Anauliza tu, "Anahema?"

"Anahema, Mama," namjibu.

Nikishakata simu, nakwenda kumwekea kiganja puani.