Fundi Sekunde na Saa ya Mkwewe

Mtaani walimwita Fundi Sekunde. Kutwa alikaa nyuma ya meza yake, lenzi imebanwa jichoni, shingo ameipinda kama mtu anayetafuta chawa, na wateja waliona hicho ndicho kipaji. Mkewe, aliyeishi naye chumba kimoja miaka yote hiyo, alikijua kipaji chenyewe: kufungua mfuniko, kupuliza, kudondosha mafuta ya cherehani, kutia ufunguo mpaka mwisho, kisha kumkabidhi mtu saa yake ikiwa bado inalia. Ikisimama baadaye, lawama ilikwenda kwa jasho la mteja.

Hayo aliyavumilia. Alimvumilia hata yule mwanamke wa duka la vitambaa, hawara wa mumewe, aliyekuwa na uso mkavu wa kumwita "dada". Lakini sasa alikuwa anafungasha kurudi kwao, na kutoka nyumba ile alitaka kitu kimoja tu: saa ya marehemu baba yake, ya zamani, ya kutia ufunguo.

"Usiondoke na saa chafu, mke wangu," Fundi alisema, mpole kama mwomba kura. Akaichukua kwenda kuisafisha.

Ikarudi inang'aa. Mke akaitia ufunguo, vidole vikaikataa. Baba yake alipoanza kutetemeka mikono, yeye ndiye aliyemtilia ufunguo kila asubuhi, na saa ile ilikuwa na ukaidi wake: ilizunguka vizuri, katikati ikakwama kidogo kama mtu aliyemeza tonge kavu, ndipo ikaendelea. Hii ilizunguka tu. Uso ulikuwa wa baba, kasha la baba. Mashine ilikuwa takataka ya kuokota.

Akaifuata mashine kibandani kwa mumewe. Muuza magodoro na mwalimu mmoja mstaafu walikuwa wamekaa wakisubiri.

"Mashine ya baba iko wapi?"

"Shemeji leo kaja na moto," muuza magodoro akasema.

"Saa ikisafishwa inalainika, mama," Fundi akajibu, lenzi jichoni. "Haya mambo huyajui. Hata kusoma saa nilikufundisha mimi."

"Kweli ulinifundisha. Iko wapi?"

Mke akalivuta sanduku la saa zilizokuwa tayari, akaanza kuzitia ufunguo moja moja. Fundi akacheka, akiwatazama wateja wamsaidie. Kicheko kikamkauka pale mkewe aliposhika moja ya kasha la dhahabu bandia, yenye mkanda mpya mwekundu.

"Hiyo ina mwenyewe."

Ikazunguka, ikakwama, ikaendelea.

"Mwenyewe nani? Dada?"

Fundi akavua lenzi. Mke akamwekea saa zote mbili mezani.

"Irudishe ilikotoka. Hapa hapa, nikiona."

"Irudishe, bwana," mwalimu akasema. "Ukimaliza fungua na yangu. Tangu uisafishe imekuwa laini mno."

Mke akamsimamia. Jasho lilimtoka Fundi kwenye pua, koleo likamponyoka, skrubu ikaanguka chini ya meza, naye akapiga magoti kuitafuta mavumbini. Mkewe aliiona ilipo. Hakumwonyesha.

Mashine iliporudi kwenye kasha lake, akaitia ufunguo taratibu, akaingoja ikwame, akaivaa.

"Sasa unaondoka hivyo hivyo?" Fundi akauliza, magoti bado yana vumbi.

"Hudumia wateja," akamwambia, akatoka. Muuza magodoro alikuwa ameshaivua saa yake mkononi.