Aliyemfuata mume wangu kwa karibu sasa anataka kunioa

Mwenye ukurasa, amahoro. Jina langu lifiche, Rumonge ni ndogo na watu wake wana masikio. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, mjane, mama wa watoto wawili. Machozi sina, msiyangoje.

Mume wangu alikuwa mpagazi, akibeba mizigo ya Wadachi kutoka hapa mpaka boma la Usumbura. Mdogo wake, nimwite Saidi, alitembea nyuma yake siku zote. Mnaoijua njia ya Muhuta mnajua pale mlima unapoteremkia ziwani. Njia ni nyembamba, na mpagazi anatakiwa amwache mwenzake atangulie mbali, ili akiteleza asimwangukie. Kila mtu anajua, lakini nani anafanya? Ukiacha nafasi, mwingine anajipenyeza mbele yako, na wanaofika kambini mwisho wanalala kwenye tope. Tena Saidi aliona ni aibu mtu baki aingie kati yake na kaka yake.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Mume wangu akamwambia, "Mudogo wangu, baki nyuma kidogo, unanikanyaga visigino."

Saidi akacheka. "Nikibaki, hawa wataingia!"

Mara jiwe likalegea chini ya mguu wa mume wangu, akasimama ghafla. Saidi hakuwahi kusimama. Sanduku la misumari likamtoka kichwani, likampiga kaka yake mgongoni, akaporomoka mpaka ziwani. Walimtoa amekwisha kufa. Haya yote kaniambia Saidi mwenyewe, amepiga magoti, hakuficha hata neno.

Sasa eda imekwisha. Mama mkwe kaniita. "Mwanangu, Saidi akurithi. Ukikataa, rudi kwenu Nyanza kwa amani, lakini watoto iko ya hapa."

Saidi si mtu mbaya, wallahi. Analima shamba langu, analeta ndagala kila wavuvi wakirudi. Nilimuuliza wazi, "Unanitaka, ama unalipa?"

Akatazama chini. "Sijui, shemeji. Najua tu watoto wakishiba, mimi napata usingizi."

Kumchukia simchukii. Kumtaka simtaki. Majirani wananiambia, "Lia, mwenzetu, utapasuka!" Haya, najaribu, hakitoki kitu. Nakula, nafua, naitikia salamu.

Juzi mutoto wangu mdogo alimkimbilia, akamwita baba. Saidi akashtuka, akanitazama mimi. Nikangoja moyo uniume. Haukuuma. Nikaendelea kutwanga muhogo, na hicho ndicho kinachonitisha kuliko kifo chenyewe.

Ijumaa wanataka jibu. Nimkubali nibaki na wanangu, ama niende zangu niwaache? Moyo wangu nimeuuliza, umenyamaza. Ndiyo maana nawauliza nyinyi. Semeni, hata kwa ukali.