Remorki ya Kufungwa

Mdogo wangu wa mwisho ni fundi wa pikipiki, na mimi dada yake, yaya kama anavyoniita, ndiye ninayeziuza. Tunaishi Alunguli, katika ua mmoja na mama yetu. Pikipiki mpya zinatufikia zikiwa vipande ndani ya masanduku. Yeye anaziunga, kisha tunazipeleka Pangi, ambako wachimbaji na wabeba abiria wanazingoja. Kwa miaka tulizipeleka juu ya remorki ya wazi iliyovutwa na jipu, tumezifunika kwa hema la plastiki. Mvua iliingia. Matope yalijaa kwenye mabomba ya moshi. Tukisimama mahali kupumzika, tunakuta kioo hakipo au betri imeondoka. Mara ya mwisho, mteja mmoja wa Pangi aliizunguka pikipiki yake polepole, akatazama mahali taa ilipong'olewa, akasema hii hataichukua.

Tulivyorudi, mdogo wangu akaniambia, "Yaya, tutafute remorki ya kufungwa. Nyumba ya bati juu ya magurudumu, na kadena, kufuli ya nguvu, kwa mulango."

Nilikataa. Nilimwambia itakuwa nzito, jipu halitaipandisha vilima. Alipolirudia neno hilo, nikasema upepo utaiangusha. Alipolirudia tena, nikamwambia sitaki tu. Ni mtu mpole, hakubishana. Alidhani dada yake ameanza ukaidi wa uzee.

Sababu yenyewe sikuwahi kumweleza, ingawa naye alikuwepo. Hakuwa ametimiza mwaka mmoja.

Wakati wa vita tuliishi upande wa pili wa mto, ule wa mjini, karibu na stesheni ya treni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi moja risasi zilianza, watu wakakimbilia mtoni, kisha wengine wakarudi mbio wakisema hakuna mtumbwi uliobaki. Mama alimfunga mtoto mgongoni, akanishika mkono, tukakimbilia kwenye reli. Siku hizo treni zilikuwa zimekoma kuja. Mabehewa ya mizigo yalisimama tu, na majani yameota kati ya magurudumu. Jirani yetu, mfanyakazi wa reli, alikuwa akiwaingiza watu ndani ya behewa moja la chuma.

Mama akamwuliza, "Na weye?"

"Miye nabaki inje, nifunge," alijibu. "Wakiona komeo iko mahali yake, watazani hakuna muntu."

Akavuta mlango. Nikasikia chuma kikiingia ndani ya chuma.

Tulikuwa labda watu ishirini. Jua lilipopanda, ukuta ulianza kuchoma mgongo kupitia gauni. Hewa ilipita kwenye ufa mmoja mwembamba chini ya mlango, na waliokuwa karibu nao waliulalia wakivuta pumzi. Mtoto akaanza kulia. Mama akampa ziwa, akalikataa. Ndipo tukasikia buti juu ya kokoto. Mtu alikuwa akipiga mabehewa kwa kitu kigumu, moja baada ya jingine, akija upande wetu.

Mama aliweka mkono juu ya kinywa cha mtoto.

Yule mtu alipofika kwetu alipiga mara tatu. Nilikuwa nimeegemea pale pale alipopiga. Mlio niliusikia kwenye meno. Kati yangu na yeye palikuwa na unene wa bati peke yake. Nilijikojolea, na niliogopa kwamba atausikia mkojo ukidondoka.

Alisimama. Akasema kitu na mwenzake kwa lugha nisiyoijua. Kisha wakaendelea mbele, lakini hawakwenda mbali, na mama hakuondoa mkono. Nilitazama miguu ya mtoto. Ilikuwa ikirusharusha, kisha ikatulia. Niliiona ikitulia nikanyamaza. Hata leo, zile buti siziogopi kama ninavyoliogopa hilo: kwamba niliona, na sikumgusa mama hata begani.

Jirani alitufungulia alasiri. Mama alitangulia kutoka; nilipomfikia, mtoto alikuwa hai. Nyumbani hakuna aliyelizungumza tena jambo hilo.

Basi mwaka huu, mvua zilipokaza, mdogo wangu alisikia kwamba mzee mmoja mfanyabiashara, ng'ambo mjini, ana remorki mbili za kufungwa za kuuza. "Tuangalie tu, yaya," akasema. Tulivuka mto. Njia nzima nilijiambia kwamba hizi ni za pikipiki na wala si za watu, na kwamba vita vimepita.

Mzee mwenyewe, mwenye kofia nyeupe na maneno ya adabu, alituachia uwanja tuchunguze. Remorki ya kwanza ilikuwa ndefu, ya magurudumu manne. Ilikuwa na milango miwili ya nyuma iliyofungwa kwa komeo la nje, na pikipiki sita zingeingia bila kugusana. Ya pili ilikuwa fupi, ya pikipiki nne. Mlango wake wa nyuma ulishuka mpaka chini ukawa daraja la kupandishia, na ubavuni ulikuwa na mlango mdogo wenye kishikio ndani na nje. Mdogo wangu aliipenda ile ndefu. Alipima mlango kwa utepe aone kama usukani wa pikipiki utapita, akatikisa ndoano ya kuunganishia, akalala chini kukagua springi.

"Yaya, ingia unihesabie pete za kufungia kamba," akaniambia kutoka chini ya remorki.

Niliingia. Milango ilikuwa wazi, nikajipa moyo kwa mwanga. Nilikuwa nimefika pete ya tano alipoinuka, akaja nyuma akijipangusa.

"Nafunga kidogo. Uangalie kama mwangaza unaingia. Fasi mwangaza unapita, mvua nayo itapita."

Ni kipimo cha fundi, na ni kipimo kizuri. Nilitaka kusema ngoja. Akafunga, na komeo likaingia.

Giza lilikuwa kamili. Hakukuwa na tundu hata moja.

"Unaona kitu?" aliuliza kutoka nje. Sikujibu. Alidhani simsikii, akapiga ukuta kwa kiganja mara moja, kisha tena kwa nguvu zaidi. "Yaya?"

Niliposhtukia nilikuwa nimekaa sakafuni, mkono wangu uko juu ya kinywa changu mwenyewe. Nilijua ni yeye. Niliijua sauti yake na nilijua ni saa nne asubuhi, na bado niliamini kwamba nikitoa pumzi tutauawa wote.

Akajaribu kufungua. "Ngoja, yaya, komeo inakatala." Nilisikia akilivuta, akilipiga kwa jiwe. Kila pigo lilinirudisha nyuma mpaka nikafika kona na kuikumbatia. Mlango ulipofunguka hatimaye aliniona hapo, na tabasamu alilokuja nalo likamtoka.

Mzee alileta kiti na maji, akatuacha peke yetu. Hapo kwenye kiti ndipo nilipomweleza mdogo wangu yote, hata ile miguu. Alisikiliza akiwa anavuta utepe wake wa kupimia na kuuachia. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Mama anajua kama uliona?"

Nikasema hapana.

Nyumbani tulimkuta mama anachambua majani ya muhogo. Mdogo wangu alikaa chini karibu naye na kumwuliza moja kwa moja habari ya siku ile ndani ya behewa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa ndani ya remorki. Nilitaka kuondoka, lakini mama aliniashiria nikae.

"Nilifunika kinywa," alisema. "Pua sikufunika. Nilikuwa nasikia pumzi yako kwa kidole, kidogo, kidogo. Halafu sikuisikia tena, na wale bado wako pale. Kulikuwa watoto wengine ndani. Dada yako alikuwa ndani." Akaendelea kuchambua. "Mulango ulivyofunguka nilitoka na wewe kama natoka na maiti. Nilikulaza chini nikakupulizia kwa pua mpaka ukakohoa. Kumbe pumzi ilikuwa imebaki, ndogo sana, kidole hakikuisikia."

Kisha akanigeukia. "Na wewe niliona unaangalia. Kama ungenigusa, ningelia. Ulifanya vizuri kubaki kimya."

Mdogo wangu aliushika mkono wa mama, ukiwa bado na majani, akaushikilia.

Tulinunua ile fupi. Yeye ndiye aliyeamua, na alimpa mzee sababu za kifundi: daraja la nyuma, wepesi kwenye vilima. Kile kishikio cha ndani hakukitaja. Alitoboa matundu ya hewa juu, chini ya ukingo wa paa, mahali mvua haifiki.

Safari ya kwanza ya Pangi, askari walitusimamisha kwenye kizuizi. Mmoja alizunguka remorki na kuuliza kuna nini ndani. Mdogo wangu alianza kushuka. Nilimwambia akae. Nilishuka mimi, nikapita nimeshika ubavu wa jipu, nikaufungua mlango mdogo kwa mkono wangu. Askari aliinama akachungulia. Pikipiki nne zilikuwa zimesimama zimekauka, taa zote ziko mahali pake.

"Funga, mama," alisema. "Pitia."

Nilirudi kitini nikiwa na jasho mgongoni. Mdogo wangu aliendesha polepole, akinieleza daraja lipi limetengenezwa na lipi bado bovu, mpaka pumzi yangu ikatulia.