Nilinunua iafoni za kukata kelele ili nisisikie wimbo wa baba

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana Lodwar ni ndogo na mimi ni mwalimu. Nusu ya watu niliowachapa darasa la sita wanasoma ukurasa huu, na wengine wangefurahi sana kuona nimeumbuka.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na moja. Nina mke mmoja, kitambi kimoja, na shahada ninayoisomea kwa simu wakati wenzangu wanafikiria kustaafu. Tunaishi mtaa wa Kanamkemer. Tangu ukame umalize mifugo yake yote, baba yangu mzazi anakaa nasi. Nilimtoa kwao Kaaleng mimi mwenyewe, kwa sababu ana presha na huku kliniki iko karibu. Nilijiona mtoto mwema kweli kweli.

Shida ni kwamba nyumba yangu imepakana na kisiagi cha mahindi. Kinaunguruma tangu asubuhi, na ndani mwangu kuna feni kuukuu inayolia kama mbuzi mgonjwa. Juu ya hayo yote kuna baba, anayekaa kivulini chini ya dirisha langu, akiimba. Kwetu Waturkana mwanaume huwa na dume lake la ng'ombe analolipenda, analiimbia, na wenzake humwita kwa jina la dume hilo. La baba lilikuwa la madoadoa, likaitwa Lomeri, na wazee wa rika lake mpaka leo humwita Apalomeri, yaani baba wa Lomeri. Lomeri alikufa na wenzake kwenye ukame, lakini wimbo ulibaki. Sasa mhadhiri akiongea kwenye simu, mimi naambulia kisiagi, feni na ng'ombe aliyekufa. Mtihani wa kwanza nilianguka, nikawa nyuma ya watoto ambao huenda niliwafundisha kusoma.

"Baba Ekai," mke wangu akaniambia, "si kelele. Ni kichwa ndio imejaa, haingii kitu tena."

Nikakataa kushindwa, nikaanza kutafuta iafoni zisizo na waya, zile za kukata kelele. Nilisoma maoni ya watu mtandaoni kama mtu anayenunua ndege. Nikagundua za bei ya chini zinaziba sikio tu, kama pamba. Za bei ya juu ni za wale wa mashirika, wa magari meupe. Mimi nikataka za katikati: ziwe na chaji ya kumaliza somo, zisiogope jasho, na zitoshee masikio yangu, ambayo mke wangu husema Mungu aliyakata bila kipimo. Nilipoenda Kakuma kwa semina, nikaingia duka la mama mmoja Mkongomani.

"Papa, hii inakata muvumo," akaniambia. "Injini, feni, upepo. Lakini mutu akiongea, utamusikia tu."

Nikatikisa kichwa kama injinia. Sikuwa nimeelewa kitu. Akanipeleka nyuma ya duka, kando ya jenereta, akabadilisha vile vimpira vya sikio mpaka kikubwa kuliko vyote kikaingia sawasawa. Jenereta likapotea. Nikamwona akicheka, nikajua nimeacha mdomo wazi. Nikalipa bila kubishana bei, na hilo mke wangu hajaliamini mpaka leo.

Siku iliyofuata nilizivaa kabla ya somo. Kisiagi kikanyamaza. Feni ikanyamaza. Na katika utulivu ule, sauti ya baba ikabaki peke yake, safi, kana kwamba amekuja kukaa mezani kwangu. Nilitaka kujicheka, kwa sababu nilikuwa nimeondoa kila kelele isipokuwa ile niliyoikimbia. Halafu nikayasikia maneno. Miaka yote hii nilidhani anasifu pembe za dume lake. Alikuwa akiimba kwamba, Lomeri, uliondoka ukaniacha kwenye nyumba ya mabati. Mtoto wangu ananilisha vizuri. Ananipa dawa, lakini njia hanipi. Njoo unichukue, tukalale pale mama yangu aliponizalia.

Somo liliendelea mpaka likaisha. Sijui lilihusu nini.

Ndugu zangu, kwetu mzee humwambia dume lake yale asiyoweza kumwambia mwanawe. Ukimjia ukasema, baba, nimesikia unachoimba, umemvua nguo mbele ya watu. Kwa hiyo nilizunguka kwa maneno. Jioni nilimpelekea chai nikakaa chini karibu naye, nikamsalimu Kiturkana.

"Apa, ejok?"

"Ejok."

"Nafikiria shule zikifunga twende Kaaleng kidogo, uone watu wako."

Akakiweka kikombe chini. "Kwani mmenichoka?"

"Hapana, Apa. Hata kidogo."

"Basi niko sawa hapa."

Tangu siku ile hajaimba tena. Anakaa palepale kivulini, anakula nusu sahani, anameza dawa akiitwa, ananishukuru kama mgeni. Mke wangu anasema nimpeleke tu, nisiulize. Daktari naye alinionya zamani kwamba mzee huyu akikosa dawa muda mfupi, moyo hautamvumilia, na Kaaleng hakuna mifugo iliyobaki wala mtu wa kumkumbusha vidonge. Nikimpandisha gari, atajua nimeusikia wimbo wake, au ataamini kweli tumemchoka. Nikimngojea aseme mwenyewe, hatasema. Namjua, ni baba yangu.

Nimefundisha watu wengi majibu, lakini hili sina. Ninyi mliowatoa wazazi wenu nyumbani kwa nia njema, mlifanyaje? Nimrudishe kwao, nikijua huenda nampeleka kufa, au nimweke hapa niendelee kumtazama akinyamaza? Nishaurini, na tafadhali msinicheke sana.